Kodi ya Kuku: Victor Hugo na ile nyumba ambayo hakuna wa kumtoa

BARAKA: Haya, tunarekodi, taa imewaka. Usiguse huo waya Zuu, wiki iliyopita watu wamelalamika eti tunasikika kama tuko ndani ya pipa.

ZUENA: Leo mtatusikia tuko bandani kabisa. Habari zenu jamani, ndo sisi, na mkisikia mwangwi ni kwamba chumba hakina kitu, hakina pazia hakina zulia, kuna godoro, kuna mabegi ya shangazi kaja saba, kuna Baraka na daftari lake.

BARAKA: Na jogoo.

ZUENA: Na jogoo na mitetea miwili, wako hapo chini ya dirisha kwenye tenga, wamechoka na safari. Nimehama jamani. Yaani Jumamosi ya juzi mwenye nyumba kanipigia saa moja asubuhi, sauti tamu kama anaposa, "mwanangu hujambo, watoto hawajambo," mi sina hata watoto, nikajua hapa kuna kitu. Kumbe kijana wake anaoa, nyumba anaitaka mwisho wa mwezi. Nimelipa miezi sita, imebaki miwili, namuuliza hela yangu ananiambia tutaelewana.

BARAKA: Tutaelewana, hilo neno lina mtaa wake motoni.

ZUENA: Miaka minne nimekaa pale! Rangi nimepaka mimi, bomba la jikoni nimebadilisha mimi, mchicha wa uani wangu. Kirikuu imeenda safari mbili, dalali amekula kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha nyumba iliyoko mtaa wa tatu kutoka pale pale nilipokuwa. Ningetembea kwa ndala ningeiona mwenyewe.

BARAKA: Pole dada. Sasa wasikilizaji wajue, mada ya leo ilipangwa kabla ya hayo yote. Iko kwenye daftari tangu mfungo: Victor Hugo, mwandishi wa Ufaransa, maisha yake uhamishoni, na mambo matano ya kujifunza.

ZUENA: Mambo matano tena.

BARAKA: Matano. Yana namba.

ZUENA: Wanamjua Baraka hawa, endelea. Ila ngoja niseme, juzi usiku nimekaa juu ya hayo mabegi nasoma zile kurasa ulizonitumia, mgongo unauma, nikafika pale kwenye nyumba yake ya kisiwa cha Guernsey nikacheka mpaka jirani mpya kagonga ukuta. Huyu mzee kafukuzwa huku, kafukuzwa kule, mwisho kanunua nyumba na serikali ikashindwa kumtoa sababu analipa kodi ya kuku. Kodi ya kuku Baraka! Mimi na kuku wangu natimuliwa, mwenzangu kuku ndo wamemlinda.

BARAKA: Usianze na kuku, tutafika. Tuanze Paris mwaka 1851.

[jogoo anawika]

ZUENA: Na yeye anasema tuanze na kuku.

BARAKA: Paris. Hugo amezaliwa 1802, kwa hiyo 1851 ana miaka 49, siyo kijana anayetafuta jina. Mshairi anayejulikana Ulaya nzima, ana kiti Bungeni. Rais ni Louis-Napoléon Bonaparte, mtoto wa kaka yake, no, ngoja, baba yake ni mdogo wake Napoleon, yule Napoleon mkubwa wa vita ni baba mkubwa wake. Kachaguliwa Desemba 1848. Na hapa watu wanaruka: Hugo alimuunga mkono! Gazeti la wanawe lilimpigia debe.

ZUENA: Ahaa. Hilo hukuniambia.

BARAKA: Nakwambia sasa. Baadae wakakosana, wanawe wote wawili wakafungwa kwa sababu ya makala za gazeti. Katiba haimruhusu rais kugombea tena, muda wake unaisha, basi tarehe 2 Desemba 1851 akapindua serikali ambayo yeye mwenyewe ndo rais wake.

ZUENA: Kaiba nyumba anayokaa.

BARAKA: Eeh, kitu kama hicho. Hugo akazunguka mitaani siku kadhaa na wenzake kuhamasisha watu wapinge, ikashindikana, watu wakapigwa risasi. Tarehe 11 Desemba usiku akapanda treni ya Brussels amevaa kama fundi, pasipoti ya mtu mwingine, jina Lanvin, kazi yake kupanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji.

ZUENA: Na nani alifanya mpango huo?

BARAKA: Marafiki.

ZUENA: Rafiki. Mmoja. Mtaje.

BARAKA: Juliette Drouet.

ZUENA: Nyumba ndogo! Semeni ukweli wanaume. Mke yuko nyumbani, huyu mama wa pembeni tangu 1833 ndo anahangaika kumficha, na siku mbili tatu baadae anamfuata Brussels na sanduku la miswada yake yote. Sanduku zima la makaratasi. Mi nimeshindwa kubeba sufuria zangu zote, mwenzangu kavuka mpaka na kazi ya mtu ya miaka.

BARAKA: Na ndani ya miswada yake hiyo kuna riwaya aliyoianza 1845 akaiacha 1848 katikati ya vurugu. Hiyo ndo imekuja kuwa Les Misérables. Kwa hiyo nakubali, bila Juliette labda tusingekuwa na Jean Valjean, yule mfungwa wa kwenye riwaya hiyo.

ZUENA: Andika tarehe, Baraka amekubali kitu.

BARAKA: Brussels alikaa kwenye ule uwanja mkubwa wa katikati ya mji, nyumba inaitwa Njiwa.

ZUENA: Ndege tena! Mnaona? Huyu mtu alikuwa anatoka banda hadi banda.

BARAKA: Nilijua ningejuta. Ndo jina lake, Le Pigeon, na kibao cha kumbukumbu kipo. Pale akaandika kijitabu cha kumponda Louis-Napoléon, kinaitwa Napoléon le Petit, Napoleon Mdogo. Jina tu ni tusi, maana baba mkubwa wake ndo Napoleon Mkubwa. Ubelgiji jirani mdogo, inaogopa, Hugo akaona asisubiri kufukuzwa, Agosti 1852 akaondoka siku zile zile kijitabu kinatoka.

ZUENA: Kikaingiaje Ufaransa?

BARAKA: Kwa magendo. Nakala ndogo ndogo za kuficha kwenye nguo, na inasimuliwa zingine zilipitishwa ndani ya sanamu za plasta za huyo huyo Louis-Napoléon, kichwa kina uwazi ndani.

[jogoo anawika]

ZUENA: Basi nimempa jina. Kuanzia leo jogoo wangu anaitwa Napoleon Mdogo. Anajiona mfalme na yuko kwenye tenga.

BARAKA: Alafu unajua jogoo ndo nembo ya Ufaransa? Angalia jezi ya timu yao ya taifa, kifuani. Na Napoleon Mkubwa alimkataa jogoo, alimwona hana nguvu, akachukua tai. Huyu wa pili alipojifanya Kaizari akamrudisha tai yule yule.

ZUENA: Kumbe nimempa jogoo jina la mtu anayechukia majogoo.

BARAKA: Ndo hivyo.

ZUENA: Lazima nimbadilishe. Hapana, abaki nalo, ajifunze unyenyekevu.

BARAKA: Tumeshatumia dakika kumi na... Haya. Jersey. Kisiwa cha Uingereza ila kiko mlangoni kwa Ufaransa, watu wa kawaida enzi hizo walikuwa wanaongea lahaja ya Kifaransa. Familia nzima ikahamia, mke, wana wawili, binti Adèle, na Juliette kapangiwa kwake pembeni. Wakakaa miaka mitatu. Huko ndo walianza yale mambo ya meza.

ZUENA: Hayo niachie mimi. 1853 kaja mgeni kutoka Paris, kawafundisha kuita mizimu, mnaweka mikono kwenye meza, meza inagonga mguu, mnahesabu herufi. Sasa mnaweza kucheka ila kumbukeni huyu mzee alikuwa na binti mkubwa, Léopoldine, alikufa maji 1843 kwenye mto Seine na mumewe, ndo kwanza wameoana, ana miaka 19. Baba yake alikuwa safarini, akasoma habari ile gazetini akiwa mgahawani. Kwa hiyo ile meza ilipogonga kwa mara ya kwanza wakaambiwa ni Léopoldine, nani angeondoka hapo? Mi nisingeondoka.

BARAKA: Hapo sina neno. Ila baadae wakaja Dante, Shakespeare...

ZUENA: Shakespeare alikuja akatunga mashairi ya Kifaransa! Mzimu umehamia lugha. Na katunga kwa mtindo wa mwenye nyumba, mtindo wa Hugo kabisa.

BARAKA: Labda huko ahera wanasoma kozi. Jersey ikaisha 1855. Malkia Victoria kaenda Paris kumtembelea Napoleon wa tatu, ndo huyo huyo Louis-Napoléon baada ya kujiita Kaizari, gazeti la wakimbizi likachapa barua ya kumkejeli Malkia, wahariri wakafukuzwa kisiwani, Hugo akaandika kuwatetea, akafukuzwa na yeye. Mwisho wa Oktoba akavuka kwenda Guernsey, kisiwa cha jirani. Hiyo ni mara ya ngapi sasa? Ufaransa, Ubelgiji, Jersey.

ZUENA: Mara tatu. Na hapa ndo nilipocheka, niache niseme mwenyewe. 1856 kitabu chake cha mashairi kimetoka, Les Contemplations, kimeuzwa vizuri, mengi humo yanamlilia yule binti. Hela ile ile akanunua nyumba St Peter Port, mtaa wa Hauteville. Maisha yake yote alikuwa mpangaji, nyumba ya kwanza kumiliki akiwa na miaka 54, ugenini, kwa hela ya maombolezo. Na sheria ya pale ni kwamba mgeni mpangaji anafukuzwa, ila mwenye mali anayelipa ile kodi ya kale kwa Taji la Uingereza, droit de poulage, jina lenyewe linatokana na kuku, huyo hafukuziki.

BARAKA: Kodi ya tangu enzi za makabaila wa Normandy.

ZUENA: Sijali enzi gani, kuku ni kuku. Mtu anamtukana Kaizari kila Jumatatu, ubalozi unalalamika, na pale London wanaangalia daftari wanasema jamani, huyu mzee kuku wake wameshaingia.

BARAKA: Siyo kwamba walikuwa wanampelekea Malkia tenga.

ZUENA: We unajuaje, labda mmoja alikuwa kama huyu.

[jogoo anawika]

ZUENA: Sasa sikieni hii, sijamwambia hata Baraka. Bibi mwenye hii nyumba mpya, jana ananikabidhi funguo, kaangalia tenga langu, mi moyo umeshaanza kudunda. Kanyamaza. Kaniambia, "Kuku wakae, ila mayai tugawane, Ijumaa."

BARAKA: Zuu!

ZUENA: Nalipa kodi ya kuku! Dar es Salaam! Sifukuziki!

BARAKA: Unafukuzika, we mpangaji, Hugo alinunua.

ZUENA: Kisheria. Mi naongelea kiroho.

BARAKA: Basi ngoja niseme habari ya hiyo nyumba maana ndo sehemu naipenda. Alikuwa fundi kichaa. Akazunguka kisiwa kizima ananunua makasha ya kale, masanduku ya mbao, milango, anawapa mafundi seremala wanabomoa wanamtengenezea makabati, meza, kuta nzima za mbao. Mlango umekuwa meza. Yeye mwenyewe anachora na kuchonga. Juu kabisa paani akajenga chumba cha vioo, anaandika amesimama, bahari mbele yake, siku ya hali nzuri anaiona pwani ya Ufaransa. Ni karibu kuliko Dar na Unguja. Kwenye nyumba hiyo ndo kaiendeleza Les Misérables, karudi kuishika 1860, ikatoka 1862, mchapishaji wa Brussels kamlipa faranga laki tatu.

ZUENA: Na Jean Valjean amekaa gerezani miaka 19.

BARAKA: Eeh, kwa kuiba mkate mmoja pamoja na kujaribu kutoroka.

ZUENA: Na Hugo kakaa nje ya nchi yake kuanzia Desemba 1851 mpaka Septemba 1870, hesabu. Karibu 19. Kitabu kimetoka 1862, hata hajui zake zitakuwa ngapi.

BARAKA: Hiyo... hiyo sikuwahi kuihesabu.

ZUENA: Huna kwenye daftari?

BARAKA: Sina.

ZUENA: Iandike. Alafu kile kisa cha pweza usikisahau.

BARAKA: Kifupi. 1866 ametoa riwaya nyingine ya wavuvi wa Guernsey, mtu anapigana na pweza baharini, akatumia neno la visiwani kwao, pieuvre, Wafaransa wa bara walikuwa na neno lao lingine, na hili la wavuvi ndo likaingia kwenye lugha nzima mpaka leo. Mkimbizi ndo anawapa wenyeji neno.

ZUENA: Hapo nampa heshima zangu. Supu ya pweza pia nampa. Sasa tuje kwenye kile kitu kinachonikera.

BARAKA: Msamaha.

ZUENA: Msamaha. 1859, Agosti, Kaizari ametangaza msamaha kwa wakimbizi wote, bila kusaini chochote, rudini. Na wengi wakarudi. Huyu mzee akasimama kisiwani akatangaza...

BARAKA: "Uhuru ukirudi, nami nitarudi."

ZUENA: Maneno mazuri, sikatai, yanafaa kanga. Ila angalia nani analipa. Yule binti mdogo Adèle, kaja Jersey ana miaka 22, ujana wote kisiwani anapiga piano, hana marafiki, baba anaandika juu, mama anaumwa macho. 1863 akatoroka kumfuata afisa wa jeshi la Uingereza mpaka Halifax, Kanada, mwanaume mwenyewe hamtaki, akamfuata tena mpaka Barbados. Karudishwa 1872 akili imeshaenda, kaishi kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili mpaka 1915. Miaka arobaini na zaidi, Baraka.

BARAKA: Huwezi kusema kisiwa ndo kilimuumiza. Familia ile ilikuwa na historia, kaka yake Hugo mwenyewe, Eugène, alifia kwenye hospitali ya akili.

ZUENA: Sijasema kisiwa peke yake. Nasema mlango ulikuwa wazi 1859, binti ana miaka 29, baba kaufunga kwa sababu ya sentensi.

BARAKA: Siyo sentensi. Fikiria Kaizari anataka nini na ule msamaha. Anataka Hugo aonekane Paris anakunywa kahawa, watu waseme basi yameisha, wale waliopigwa risasi Desemba wamesahaulika. Mtu mmoja akikataa kurudi ile picha haikamiliki. Na alikuwa anatumia ile nafasi, Desemba ya mwaka huo huo 1859 kaandika kuwaomba Wamarekani wasimnyonge John Brown, aliyepigana na utumwa. Angekuwa Paris chini ya polisi wa Kaizari angeandika kwa uhuru ule?

ZUENA: Na John Brown walimnyonga.

BARAKA: Walimnyonga. Ila aliandika.

ZUENA: Sawa. Twende 1868. Mke wake, Bi Adèle, jina moja na binti, miaka hiyo anakaa zaidi Brussels na wanawe maana kisiwa kimemshinda, amekufa Agosti huko Brussels, mume yupo. Aliomba azikwe Villequier, Ufaransa, karibu na yule binti aliyekufa maji. Jeneza likapanda treni, Hugo akalisindikiza mpaka mpakani. Mpakani akashuka. Jeneza likaenda. Miaka karibu 46 ya ndoa, msamaha upo tangu 1859, hakuna wa kumkamata, na mtu ameshuka kwenye treni.

BARAKA: Nalijua hilo.

ZUENA: Unalijua ila umeliandika namba ngapi kwenye mambo yako matano?

BARAKA: Sikuliandika.

ZUENA: Basi. Mi nilisoma pale nikafunga simu. Mnajua wasikilizaji wa siku nyingi, mzee wangu aligombana na baba zangu wadogo kwa ajili ya shamba, akaapa hakanyagi kijijini mpaka waombe radhi. Alikuwa na haki, kila mtu anajua alikuwa na haki. Bibi akafa. Hakwenda, na sisi hatukwenda. Mpaka leo sijui kaburi liko upande gani wa mwembe. Kwa hiyo mtu akiniambia msimamo, mimi nauliza nani kabaki na jeneza.

BARAKA: Pole Zuu. Hilo sikujibu.

ZUENA: Hunijibu au huna?

BARAKA: Ninalo, ila siyo la kukushinda. Mjomba wangu, kazini kwake walimsingizia, wakamwambia andika barua ya kuomba msamaha urudi, mke kalia, watoto ada, akaandika. Akarudi. Kapewa meza yake ile ile. Na yule mtu hakuwahi tena kusema kitu kwenye kikao chochote, cha kazini, cha harusi, cha msiba. Unamuuliza wali au ugali anasema chochote tu. Watoto wamesoma, ni kweli. Ila mi nilimjua kabla.

ZUENA: Alikuwepo kwenye misiba lakini.

BARAKA: Alikuwepo amekaa.

ZUENA: Kukaa ndo msiba wenyewe Baraka! Hujaitwa kuhutubia!

BARAKA: Hugo kuitwa kuhutubia ndo ilikuwa kazi yake!

ZUENA: Alafu tusijifanye, uhamisho gani ule wa nyumba ya ghorofa, mpishi, bustani, na nyumba ndogo mtaa ule ule, asubuhi anatundika kitambaa dirishani mwenzake ajue ameamka? Kuna wakimbizi wenzake pale Jersey walikufa na njaa na kifua kikuu. Wale ndo wangesema uhuru ukirudi. Yeye ilikuwa rahisi.

BARAKA: Na ndo yeye aliyekuwa anahutubia makaburini kwao. Na kila wiki tangu 1862 alikuwa anawalisha watoto maskini wa kisiwa, mezani kwake.

ZUENA: Nampa. Watoto wa watu.

BARAKA: Zuu hiyo siyo haki.

ZUENA: Sijasema ni haki. Nimesema watoto wa watu.

[kimya]

BARAKA: Kuna maandishi aliyachonga juu ya mlango wa chumba cha kulia, Kilatini, Exilium vita est. Nimeyaangalia wiki nzima. Kilatini kinakuacha usome kote kote, maisha ni uhamisho, au uhamisho ndo maisha. Kiswahili lazima uchague neno la kutangulia.

ZUENA: Na we umechagua lipi?

BARAKA: Uhamisho ndo maisha. Yaani pale ndo aliishi, vitabu vikubwa vingi pale.

ZUENA: Mi nachagua lile lingine. Na ningekuwa mke wake, nakula chini ya ule mlango kila siku, ningeomba aning'inizie kalenda.

[mlio wa tii, tii, tii]

BARAKA: Nini hicho?

ZUENA: LUKU. Mita iko humu ndani kwangu, tunachangia vyumba vinne. Inalia ikibaki uniti chache.

BARAKA: Ngapi?

ZUENA: Subiri nichungulie... Mbili. Na jirani anapiga pasi, nasikia harufu.

BARAKA: Kompyuta haina chaji, inakula umeme moja kwa moja. Haraka haraka basi, jambo la kwanza la kujifunza...

ZUENA: Hujasema hata alivyorudi!

BARAKA: 1870 Kaizari kakamatwa na Wajerumani vitani, huko Sedan, Jamhuri ikatangazwa tarehe 4 Septemba, Hugo kafika Paris tarehe 5 usiku, umati stesheni. Kaishi mpaka Mei 1885. Aliacha wosia azikwe kwa gari la wafu la maskini, wakamfanyia hivyo hivyo, gari la maskini katikati ya mazishi ya kitaifa, watu wanakadiriwa milioni mbili barabarani mpaka Panthéon, wanapozikwa watu wakubwa wa Ufaransa. Nyumba ya Guernsey mjukuu wake na vitukuu wakaitoa kwa jiji la Paris 1927, ni makumbusho mpaka leo, imekarabatiwa ikafunguliwa upya 2019. Jambo la kwanza...

ZUENA: Kwa hiyo ile nyumba saivi ni ya jiji la Paris, ndani ya kisiwa cha Uingereza.

BARAKA: Eeh.

ZUENA: Nani analipa kodi ya kuku?

BARAKA: Zuu.

ZUENA: Nauliza swali la kisheria! Meya wa Paris anatuma...

[tii, tii, tii, tii]

BARAKA: Una hela ya umeme kwenye simu?

ZUENA: Zote zilienda kwa dalali. Nina elfu moja na mayai manne.

BARAKA: Nipe namba ya mita. Wasikilizaji mambo matano nitaya... hapana, sitayasoma, mawili nimeshayafuta hapa nikiongea. Namba Zuu.

ZUENA: Sifuri moja nne... ngoja giza, kibandiko kimefutika. Sifuri moja nne mbili...

[jogoo anawika]

ZUENA: Nyamaza Kaizari! Mbili, saba...